Sahani za kutupa ziliniziba mtaro

Mi nilianza kuchukia sahani za kutupa siku chama ilikuja kwangu hapa Nyalenda, tukapika wali na kuku, nikanunua zile nyeupe za povu na vijiko vya plastiki juu nilikuwa nimechoka na sikutaka kuosha vyombo. Watu wakala wakaenda, nikarusha kila kitu kwa mfuko nikauacha nje kwa geti. Usiku mbwa wakaupasua, mvua nayo ikashuka, na si unajua mvua ya Kisumu, asubuhi naamka maji iko mlangoni, mtaro umeziba na sahani zangu mwenyewe, nikazitoa na mkono moja moja jirani akiniangalia tu. Aibu!

Zile za povu hata wanaookota chupa na vyuma huziruka, ni nyepesi, zina mafuta, nani atanunua? Ukichoma, moshi wake unakuuma kifua. Ukiziacha zinavunjika vipunje vidogo vidogo, na huku kwetu kitu kikishuka na mtaro mwisho wake ni ziwa, kwenye tunatoa samaki.

Sasa dawa yetu. Tuko 12 kwa chama, kila mtu alitoa 300, tukanunua sahani 36 za melamini, 100 kila moja, na vijiko kila mtu akaleta vitatu kutoka kwake. Zinakaa kwa beseni, mwenye zamu anazichukua. Chini ya kila sahani paka rangi ya kucha, usicheke, ngoja ziende matanga zichanganyike na za maboma matatu ndio utaniambia. Kuna wenye huuliza, na maji je? Kweli maji ni shida, lakini mkikwangua mabaki kwanza, beseni mbili zinatosha, moja ya sabuni moja ya kusuuza, na kila mtu aoshe yake isipokuwa wazee.

Ya lunchi kazini ni bakuli tu. Ila chukua yenye kifuniko cha kubana kabisa, mi nilianza na ya bei rahisi na supu ya madondo ikanimwagikia nikiwa juu ya boda, simu ikaoga. Mama wa kibanda alinicheka siku ya kwanza, sai akiniona anasema lete hiyo bakuli yako, na naona upawa wangu huwa umejaa kuliko wa wenzangu (msimwambie nimesema).

Na mkipeleka watoto mbuga ya Lake Nakuru bebeni vyombo vya kuosha, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwa mbuga, misitu na fuo zinazolindwa, sahani, vikombe, vijiko, hata chupa za maji.

Sahani zetu zimepotea mbili tu. Vijiko ndio sielewi huenda wapi, tulianza na 36 sai ziko 19, lakini siku ya ugali na omena hakuna mtu huuliza kijiko.