Siku nilipohesabu ndala mlangoni

Siku ya tatu baada ya ajali nilitoka chumbani kwenda msalani, nikaona ndala zimejaa mlangoni. Sijui kwa nini nilizihesabu: jozi 17. Wenyewe walikuwa sebuleni, wengine kwenye makochi, wengine mkekani, wote wamekuja kunipa pole. Mtoto wa mtu analia. Runinga imewashwa ili wageni wasichoke. Shangazi anasimulia kwa mara ya sita jinsi bodaboda ilivyoteleza kwenye tope, hadithi ambayo mimi niliyekuwa juu ya hiyo bodaboda siikumbuki hata kidogo. Nikarudi chumbani nimeshika ukuta, nikajifunika kanga usoni, nikalia. Kisha nikaona haya, maana nani analia kwa sababu anapendwa?

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanga, nyumbani Ujiji, hapa Kigoma. Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua inanyesha na wazazi wanadai sare za shule. Dereva alinipa helmeti ya abiria nikaikataa kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusuka. Naliandika hili mapema ili asinipe pole mtu kwa jambo nililojitakia.

Hospitali daktari alinimulika machoni, akaniuliza leo ni siku gani, akanipa maneno matano niyakumbuke. Nikakumbuka mawili. Picha ya CT ikatoka safi, naye akasema nimepata mtikisiko wa ubongo. Sikumwelewa mpaka nilipojieleza kifundi. Cherehani ikidondoka unaweza kuikagua pande zote usione ufa, lakini ukishona inaruka mishono. Ile picha inatafuta damu iliyovujia ndani na mfupa uliovunjika. Mishono inayoruka haionekani humo.

Na hapo ndipo shida yangu na watu ilipoanzia. Ukivunjika mguu wanaona muhogo wa plasta, wanajua la kufanya. Mimi sikuwa na hata plasta. Wiki ya pili wifi yangu akaniangalia, akasema, "Mbona uko mzima tu, umenenepa hata." Mwingine akashauri nipelekwe kwa mtaalamu, na hakuwa na maana ya daktari. Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe, na siku ya kumi nikarudi kibandani kwa kiburi. Kutunga uzi kwenye sindano kulinichukua muda wa kushona kola nzima. Fundi jirani alipokanyaga cherehani yake nilihisi anashonea ndani ya sikio langu. Jioni nikagundua nimekata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Mteja aliyekuja kuchukua sare nilimfokea mbele ya mwanawe, mimi ambaye sijawahi kufokea mteja. Hasira nazo ni sehemu ya huu ugonjwa, kama ilivyo kusahau, kizunguzungu, kukosa usingizi na macho kuchukia mwanga. Nilikuja kuambiwa baadaye, mteja nimeshampoteza.

Kabla sijaendelea, hili ni la kushika kabisa. Mtu aliyegonga kichwa akizidi kuumwa kichwa badala ya kupata nafuu, akitapika tena na tena, akipata degedege, akilegea upande mmoja, akiongea yasiyoeleweka, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, akitokwa na damu au majimaji sikioni au puani, au akiwa haamshiki, huyo arudishwe hospitali saa hiyo hiyo. Shangazi alitaka kunikesha usiku mzima nisilale. Muuguzi akamwambia kwamba nimeshapimwa, niachwe nilale, ila awepo mtu karibu wa kuniangalia.

Sasa niseme nilichojifunza kuhusu watu. Huku kwetu watu wa kukuuguza si wa kutafuta, wanakuja wenyewe. Kazi iliyopo ni kuwaambia wakae nawe vipi, na mgonjwa wa kichwa hana nguvu za kuwaambia. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja wa mlangoni. Wangu alikuwa mama mdogo. Alitandika mkeka barazani, akaweka birika la kahawa, wageni wote wakaishia pale kwake. Walioingia ndani waliingia wawili wawili, kwa robo saa, runinga imezimwa. Silaha yake ilikuwa maneno mawili tu: "Daktari kasema." Sijui kuna nini kwenye maneno hayo. Mtu ambaye ungemwambia "nimechoka" angenuna mwaka mzima, lakini daktari akisema anatikisa kichwa na kunywa kahawa yake. Mmoja tu alinuna, na huyo hununa hata harusini.

La pili, wape watu kazi. Mtu anayeuliza "nikusaidie nini?" anauliza kwa dhati, ukimjibu "niombee tu" atakuombea, ila ndoo za maji zitabaki tupu. Binti wa jirani nilimpa soko, kwa sababu zile kelele za sokoni Mwanga nilikuwa siziwezi. Shoga yangu alinisindikiza kliniki na daftari, akawa anaandika yote, kwani mimi nikifika getini nimeshasahau nusu. Waliozoea kunitumia meseji niliwaomba watume sauti, maana kusoma kwenye simu kulinipasua kichwa. Kikoba chetu kilinipa fedha ya mfuko wa jamii, nashukuru, lakini kilichonisaidia zaidi ni mwenyekiti kuniruhusu nitume hisa kwa simu bila kuhudhuria. Wanaokijua kikao cha wanawake thelathini wanaoongea kwa pamoja watanielewa.

Wewe mtumishi uliyehamishiwa huku huna ndugu, mwambie mwenye nyumba wako na balozi wa mtaa siku ile ile. Msikitini au kanisani pia. Usisubiri wakukose.

Lakini hata mama mdogo, na mapenzi yake yote, hakujua ninachokisikia. Aliyejua alikuwa kijana wa bodaboda. Alitumwa na kijiwe chao kuja kunipa pole, akanikuta uani nimekunja uso kwa sababu ya bati la jirani, jipya, linang'aa kama kioo. Hakuuliza kitu. Akavua kofia yake akanivalisha. "Dada, hilo bati mimi lilinitesa miezi minne," akasema. Naye alikuwa ameanguka mwaka uliotangulia. Akaniambia kwamba kuna siku alisimama na abiria njia panda akasahau njia ya Mwandiga, yeye aliyeipita kila siku, akajifanya anakagua tairi mpaka ikamrudia. Nilicheka mpaka kichwa kikauma. Ndiyo mara ya kwanza niliamini kwamba sijawa chizi.

Alinionya mambo mawili. Pombe aliirudia mapema, ikamrudisha nyuma wiki nzima. Na pikipiki nisipande kabla ya kupona, kwa kuwa ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kuumia vibaya sana. Daktari naye alisema hivyo hivyo, ila kwa kijana niliyasikia. Daktari aliongeza kwamba watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, wengine huchukua miezi, na kwamba kupumzika kabisa ni kwa siku moja au mbili za mwanzo. Baada ya hapo ni kuanza taratibu: kutembea kidogo, kazi kidogo, dalili zikizidi unapunguza. Kumbe zile siku nilizojifungia gizani nilikuwa nimezidisha.

Kijana ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Kibirizi, mvuvi wa dagaa, aliyegonga kichwa kwenye ubavu wa mtumbwi ziwa lilipochafuka. Tukawa watatu. Hatuna jina, hatuna katibu, hatuchangi kitu. Jumamosi saa kumi na moja jioni, jua likishalegea, tunatembea ufukweni polepole, tunakaa. Anayetaka kusema anasema. Akisahau neno katikati, tunamngoja. Huko kungojwa, jamani, sijakupata mahali pengine popote. Nyumbani kila mtu huwahi kunimalizia sentensi.

Sasa ni mwezi wa tano. Natunga uzi mara moja, nashona hadi adhuhuri, na helmeti navaa hata nikiwa nimesuka. Mzee bado. Mke wake anaanika dagaa, naye anamsaidia kuwageuza mchangani asubuhi kabla jua halijawa kali, lakini ziwani hajarudi. Jumamosi iliyopita tulichelewa kuondoka. Hakukuwa na mwezi, mitumbwi ikatoka, taa zikaanza kuwashwa moja moja majini hadi ziwa likawa kama mji. Mzee akageuka akalipa ziwa mgongo. Kijana akanitazama, nami nikamtazama. Tukageuka wote, tukaendelea na mazungumzo yetu tukiangalia ukuta wa banda la samaki.