Usitembee na ahadi mfukoni

Mwaka wa kwanza timu yetu ya ofisini ilipojiandikisha kwenye matembezi ya hisani ya Siku ya Selimundu Duniani, Juni 19, ya kuchangia utafiti wa ugonjwa huo wa kurithi wa damu (sikoseli), mimi ndiye niliyepewa kazi ya michango. Watu 38 waliahidi. Waliotoa ni 14, nikiwemo mimi mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu. Niliandika ahadi kwenye daftari kama vile tunachangia harusi. Ahadi ya harusi hulipika kwa sababu kuna kadi, kuna ukumbi, na kuna aibu ya kukutana na mama wa bwana harusi. Sikoseli haina kadi ya kuingilia ukumbini. Siku hizi mtu akisema "niandike elfu kumi", namwomba atume palepale, nasubiri ujumbe wa muamala uingie, ndipo naandika jina. Na pesa isipite kwenye simu yako. Omba namba ya malipo ya waandaaji, anayetuma aone jina lao.

Jiandae pia kwa swali hili: kwa nini utafiti, si bora tumlipie mgonjwa matibabu? Jirani yangu aliniuliza, akaongeza kwamba watafiti wanakula posho tu. Sikubishana naye. Nilimuuliza: Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, damu ya kuwaongezea wote itatoka wapi? Kisha nikamsimulia habari ya haidroksiyurea. Ilianza kama dawa ya saratani. Marekani wakaiidhinisha kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Huku kwetu hofu ilibaki: mtoto anayeishi penye malaria akipewa, haitamdhuru? Jibu likatafutwa kwa kufuatilia watoto Kilifi (Kenya), Mbale (Uganda), Kinshasa (Kongo) na Luanda (Angola). Matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, hata malaria yenyewe ikapungua. Jirani alikaa kimya kidogo, akatuma elfu ishirini. Posho hakuitaja tena.

Kuhusu kutembea kwenyewe sina mengi. Kilometa tano si safari. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Ila kama kwenye timu yupo mwenye selimundu, basi mwendo uwe wake. Binti wa kaka yangu alikuja nasi, daktari wa kliniki yake akiwa amemruhusu. Tulianzia Coco Beach, Dar es Salaam, alfajiri, tukaingia Daraja la Tanzanite. Juni upepo wa bahari unapiga, na pale juu hakuna pa kujibanza. Sisi tulifurahia ubaridi, tukapiga picha. Yeye alikuwa nyuma yetu, mikono ameikunja kwapani, fulana ya matembezi inampepea.

"Shangazi, baridi."

Hakusema zaidi. Baridi na kukaukiwa maji ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumwamshia maumivu, nami, shangazi mtu, begini nilikuwa na chupa mbili za maji ya friji na bendera ya timu. Tukamfunga bendera mabegani, tukageuza. Hatukufika mwisho, na medali hatukupata. (Eti medali za matembezi!)

Mwaka huu nimebeba sweta mbili na maji yasiyo ya baridi. Waandaaji hawana fulana za mikono mirefu, kwa hiyo yake nimeipeleka kwa fundi wa mtaani aiunge mikono. Rangi hazilingani, lakini mwenyewe ameipenda.