Maswali ya Wasomaji: Kupita Mkanda, Lamu hadi Kiwayu

SWALI: Assalaam aleikum, wahariri. Tuko watu 8, tumekodi mashua ya tanga yenye mashine ndogo ya nyuma. Tunataka kutoka mji wa Lamu, tupite Mkanda, tulale Pate, tufike Kiwayu na kurudi siku ya 5. Tumechagua mwezi mpevu ili tupate mwanga usiku, na tutang'oa nanga saa 3 asubuhi. Mpango uko sawa?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Njia ni nzuri, lakini siku na saa mlizochagua zitawakwamisha. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu bamvua hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Maana yake saa 4 asubuhi maji yamekupwa kabisa. Mkitoka saa 3 mtaukuta Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, umebaki tope na mizizi ya mikoko pande zote mbili.

Ondokeni tarehe 11 ya mwezi mwandamo. Siku hiyo maji hujaa kati ya saa 7 na saa 8 mchana, na kila siku inayofuata hujaa zaidi kwa sababu mnaelekea bamvua. Hilo ndilo jambo kubwa: ukipanda fungu la mchanga wakati maji yanakua, kesho yatakuinua. Ukipanda tarehe 6 au 7, yakiwa yanaelekea maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, mashua inaweza kukaa pale siku kadhaa.

Ingieni Mkanda saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, tanga likiwa chini, mashine polepole, na baharia mmoja mbele na upondo, ule mti mrefu, akipima kina. Upondo ukianza kugusa chini mara mbili tatu mfululizo, simamisheni mashine kwanza, ndipo mtafute mkondo. Usiku huo laleni Mtangawanda. Mji wa Pate wenyewe una maji haba mbele yake, hivyo watu huteremka Mtangawanda na kwenda kwa miguu kama saa nzima. Kesho yake piteni Faza, mji wa kaskazini mwa kisiwa cha Pate, mwende Kiwayu, mtie nanga upande wa ndani wa kisiwa, si ule wa bahari kuu. Mbalamwezi mnayoitaka mtaipata hapohapo, tarehe 12 na 13. Tarehe 15 mnarudi: ingieni Mkanda saa 9 alasiri maji yakijaa, mfike Lamu kabla ya magharibi.

Saa hizi ni za kukadiria. Zilinganisheni na jedwali la maji la mwaka huu, na msikilizeni nahodha akisema tofauti. Kama ni msimu wa kaskazi, mtakwenda mkibisha, yaani mkipingana na upepo, kwa hiyo petroli ya kwenda iwe nyingi kuliko ya kurudi. Kabla ya kuondoka, ulizeni polisi wa Lamu hali ya usalama upande wa Kiwayu.

SWALI: Tukikwama maji yakipwa, tufanye nini kwanza?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tua tanga papo hapo. Usiongeze mashine kwenda mbele. Unajichimbia, na mashine inafyonza mchanga badala ya maji ya kuipoza. Watu wateremke upande wenye maji haba ili mashua iwe nyepesi, wengine wasukume kurudi mlikotoka. Nanga ipelekwe kwa kidau hadi kwenye kina, kisha mvute amari, yaani kamba ya nanga, kutoka tezi, nyuma ya mashua.

Mna dakika chache tu. Maji hushuka kwa takriban saa 6, lakini si kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hushuka sehemu 1 kati ya 12, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja. Pale bamvua inaposhuka mita 3, saa hizo mbili za katikati peke yake zinaondoa mita 1 na nusu.

Ikishindikana, tegemezeni ubavu kwa magogo na mfunge mizigo isimwagike. Hesabu ya kuelea ni hii: mkikwama saa moja baada ya maji kujaa, mtaelea saa moja kabla ya kujaa tena, yaani zaidi ya saa 10 baadaye. Ndiyo sababu maji ya kunywa tunahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku moja juu yake.

SWALI: Takwa, kisiwani Manda, tunaweza kuingia kwa mashua hadi magofuni?
Msomaji, Lamu

JIBU: Ndiyo, kwa hori la mikoko, ule mkono mwembamba wa bahari, maji yakijaa tu. Ingieni saa 2 kabla ya kujaa, mzuru msikiti wenye nguzo juu ya kibla na lile kaburi la mnara lenye tarehe 1094 Hijria, na muwe mmeshapanda mashua maji yanapoanza kugeuka. Vaeni mikono mirefu. Jioni usubi wa mikokoni hupenya hata chandarua cha mbu.