Viwanda vya samaki Mwanza na maji taka: niliyoyaona miaka 6 kwenye mabwawa

Mkuu umeuliza kama viwanda vikubwa huku pembeni ya ziwa vinafuata kweli sheria za mazingira au ni makaratasi tu ya kuwaonyesha NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Mimi nimekaa miaka 6 kwenye mabwawa ya maji taka ya kiwanda kimoja cha sangara hapa Mwanza, jina naliacha.

Makaratasi yapo, cheti cha mazingira kwa sheria ya mwaka 2004, ripoti za ukaguzi, kibali cha kumwaga maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Hayo ofisi inamaliza. Shida iko kule samaki wanakochanwa, damu na mafuta vikipita kwenye chujio vikaingia mtaroni hata uwe na mtambo wa mabilioni utahangaika, maana BOD (kipimo cha oksijeni inayotumika kuozesha uchafu uliomo majini) ya maji yanayotoka haitakiwi kuzidi miligramu 30 kwa lita, na maji ya samaki yanaweza kuingia na zaidi ya elfu.

Kila asubuhi nilikuwa nachota maji ya tangi la kupulizia hewa kwenye chupa ya lita moja, naiweka dirishani nusu saa. Tope likituama chini, kahawia, juu maji meupe, nina amani. Siku moja blowa, ile mashine ya kupuliza hewa kwenye tangi, iliungua usiku, asubuhi chupa nyeusi tii inanuka yai viza, wale wadudu wanaokula uchafu wamekosa hewa. Malori ya samaki ndo yanashusha, bosi wa uzalishaji ananiambia fungua tu ile valvu ya pembeni yaende ziwani, kesho tutatengeneza. Ndugu yangu, nyuma ya ule ukuta kuna kina mama wanachota maji na watoto wanaoga, wengine nawajua kwa sura. Nilikataa, nikampigia meneja mkuu, akakubali laini isimame mpaka jioni blowa nyingine ilipopatikana. Nililaumiwa wiki nzima na ningekataa tena.

Baada ya hapo ikaandikwa kabisa kwamba mtu wa mazingira anaweza kusimamisha kazi, na funguo ya valvu ikahamia kwetu. Kwahiyo ukienda kiwandani cheti utaonyeshwa tu, wewe uliza hiyo funguo anakaa nayo nani.

Kuhusu kusafisha mafuta yakimwagika, kuna siku hozi ya dizeli ya jenereta ilipasuka mvua inanyesha. Cha kwanza tuliziba mtaro kwa viroba vya mchanga, ndo tukamwaga vumbi la mbao linyonye. Watu wanakimbilia sabuni na maji, jamani msifanye hivyo, mnaisukuma dizeli ziwani. Udongo tulichimba mpaka harufu ikaisha tukajaza mapipa, ila kuubeba lazima awe mwenye kibali cha taka hatarishi, basi mapipa yakakaa stoo miezi minne, kila Jumatatu naenda kupapasa chini yake kama hayavuji.