Kwanza iruke bila wewe

Kila kijana akiingia karakana yetu ya glaida, yaani ndege isiyo na injini, swali ni lile lile: nitapanda lini? Mimi humsimulia glaida ya ndugu wawili Wright ya mwaka 1900.

Wilbur na Orville walikuwa mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio. Mwaka 1899 walianza na kishada tu, upana wa futi 5, waone kama bawa likipindwa kwa kamba litalalia upande wanaoutaka. Likatii. Mwaka uliofuata Wilbur akafunga safari kwenda Kitty Hawk, penye upepo mwingi na mchanga laini wa kuangukia. Njiani alitafuta mbao za futi 18 za mhimili wa bawa, akaambulia za futi 16. Basi akafupisha bawa, na kitambaa kilichokwisha kushonwa akakikata na kukishona upya kwa cherehani ya Bi. Tate, mwenyeji wake. Hakuunga mbao. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliunga, kwa gundi na ujeuri, na kiungo kikaachia tukiwa bado tunaibeba uwanjani. Nashukuru kiliwahi.

Glaida ile sehemu kubwa ya msimu ilirushwa kama kishada, imeshikwa kwa kamba, mara tupu, mara imebebeshwa minyororo, wao chini wakipima mvuto wa kamba kwa mizani ya springi. Muda wote Wilbur aliopaa huru haukuzidi sana dakika 2. Dakika mbili, kwa safari yote ile! Kwa hiyo usininunie nikikupa mizani na daftari kabla ya kiti.

Na usidhani mazoezi peke yake yanatosha. Otto Lilienthal wa Ujerumani alikuwa ameruka mara 2,000 hivi, akiongoza chombo kwa kubembeza mwili na miguu. Tarehe 9 Agosti 1896 glaida ilikosa mwendo hewani, mwili haukutosha kuirudisha, akaanguka. Alifariki kesho yake. Ndiyo maana hapa usukani hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote, na anayekagua si yule aliyeufunga.

Msimu ulipokwisha ile ya 1900 iliachwa mchangani. Bi. Tate akachukua kitambaa akawashonea binti zake magauni. Changu mimi ndicho hilo pazia la dirishani, karibu na msumeno.