Kabla hujapeleka hadithi yako shindanoni

Mara ya kwanza nilipopeleka hadithi kwenye shindano la jarida la fasihi, sikushindwa na mwandishi mwengine. Nilishindwa na jina langu mwenyewe. Masharti yalisema jina la mwandishi lisionekane popote ndani ya kazi, nami nikaliacha chini ya kila ukurasa, pale penye namba, kwa sababu ndivyo nilivyozowea kuandaa mitihani ya wanafunzi wangu. Hadithi haikusomwa hata sentensi moja. Barua ya kunijuulisha ilikuwa na mistari miwili.

Sasa ni miaka tisa. Tangu hapo nimepeleka kila mwaka, nimekosa mara nyingi, nimeingia mara mbili orodha fupi, ile ya hadithi chache zinazobakia kugombea ushindi, na msimu mmoja niliombwa niwe msomaji wa awali, yaani yule anayezipitia hadithi kabla hazijamfikia jaji. Mengi ya haya ninayokuandikieni, wadogo zangu mnaoanza, niliyajua msimu huo.

Msidhani mashindano ni mambo ya wageni. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alimtoa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya zake, kwa njia hii hii: kisa chake kilishika nafasi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kikatoka kitabu 1960. Siku hizi iko Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na iko Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Lakini hizo zinataka mswada mzima. Shindano la jarida linataka hadithi moja tu, na hadithi moja mtu anaweza kuimaliza katika likizo ya skuli.

Masharti yasome mara ya kwanza kwenye simu, mara ya pili yaandike kwa mkono wako. Ukiyaandika utaona usiyoyaona. Tazama hata jina la faili na taarifa zake za ndani, maana kompyuta nyingi hubandika jina la mwenye mashine ndani ya faili bila kukuuliza. Na tazama saa. Kijana mmoja hapa Wete, Pemba, mwenye kipaji kunishinda mimi, aliona 11:59 kwenye tangazo la shindano la hapa hapa Afrika Mashariki, akaisoma kama tunavyosoma saa sisi. Akajipa mpaka alfajiri. Kumbe ilikuwa saa tano na dakika hamsini na tisa za usiku. Kaamka, kasali, kafungua mtandao, mlango umeshafungwa. Kama shindano ni la mbali, uliza ni usiku wa wapi: saa sita ya usiku ya New York wakati wa joto lao ni saa moja ya asubuhi kwetu, ya London ni saa nane ya usiku. Mimi najiwekea siku yangu ya mwisho, siku tatu kabla ya yao. Umeme wetu wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika hakuna fundi atakayekuuliza kama una shindano.

Idadi ya maneno nayo ina mtego wake kwa anayeandika Kiswahili kisha akatafsiri. Lugha yetu inabana. "Sitawaandikia" ni neno moja, Kiingereza kinataka sita. Hadithi yangu moja ilikuwa na maneno 2,400, nikajiona nimo ndani ya kikomo cha 3,000. Ilipotoka kwa mfasiri ilikuwa 3,300. Nikakata usiku wa mwisho, na nilipokata ndipo ilipokuwa na uhai.

Sasa nikwambie ya upande wa wasomaji. Nilipewa hadithi sitini na wiki tatu, nisome baada ya kazi, watoto wameshalala. Msomaji wa awali hana hila na wewe, amechoka tu. Nilipofika ya ishirini nilikuwa naanza kuijua hadithi kwa ukurasa wake wa kwanza, na sijivunii hilo, lakini ndivyo. Nyingi zilianza kwa mtu kuamka: jogoo kawika, jua limechomoza, shujaa anajinyoosha kitandani. Mpaka apige mswaki mimi nimeshapiga miayo.

Kuna mwanzo mwengine ninaouogopa zaidi, kwa sababu ni ugonjwa wetu watu wa visiwani. "Pemba ni kisiwa chenye rutuba kilichoko kaskazini ya Unguja, maarufu kwa zao la karafuu." Sentensi hiyo nimewahi kuiandika mwenyewe, na sikuiona aibu yake mpaka nilipoikuta kwa mtu mwengine. Nani anazungumza hivyo? Ni mtembeza wageni, tena siku yake ya kwanza kazini. Mchumaji yeye anajua tawi gani litamvunjikia. Mwanamke aliyekaa jamvini kuchambua anajua vidole vinavyonata na harufu isiyotoka kwa sabuni, na anamjua mwenye shamba ambaye pishi yake kubwa wakati wa kupokea, ndogo wakati wa kulipa. Hapo kwenye pishi ndipo penye hadithi. Msomaji wa Nairobi hata kama hajui pishi ni kiasi gani, ugomvi ataufuata.

Na tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel mwaka 2021, hadithi ninazoletewa na vijana zimejaa milango ya kuchonga na majahazi. Kijana mwenyewe aliyeiandika hajalala Mji Mkongwe hata usiku mmoja! Wewe ni mtu wa Micheweni, nionyeshe anayeponda kokoto juani. Hilo Gurnah hakukuandikia.

Ukishamaliza, iweke. Mimi naiacha wiki tatu, kisha nakaa nayo kama anayekaa na karafuu mbichi: karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku. Makonyo siyatupi, maana hata hapa Pemba, Wawi, kipo kiwanda kinachoyakamua mafuta. Kurasa mbili nilizozikata kwenye hadithi moja ya harusi ndizo zilizokuja kuzaa hadithi iliyoniingiza orodha fupi mara ya kwanza. Kisha namsomea mama mkubwa kwa sauti. Yeye hasemi "nzuri" wala "mbaya". Anauliza, "Enhe, akafanyaje?" Pale anapoacha kuuliza akaanza kukunja nguo, natia alama ya kalamu.

Ada. Majarida mengi ya Marekani yanatoza kwa kila hadithi, mara nyingi dola 15 hadi 25, na kwa mwalimu wa skuli hizo si pesa za kuchezea. Baadhi yao husamehe ada ukiwaandikia kwa adabu na mapema. Mimi nimesamehewa zaidi ya mara moja. Kabla hujalipa, zitafute hadithi zilizoshinda mwaka jana uzisome, na uangalie kama jaji ametajwa. Ukiona kila aliyeshiriki "amechaguliwa", halafu anatakiwa anunue kitabu ili ajione ndani yake, hilo ni duka.

Kuhusu Facebook niseme kwa ufupi kwa sababu sipendi kugombana na vijana. Hadithi uliyoibandika nzima huko, kwa majarida mengi imeshachapishwa, na hawataitaka. Subira yako ya kusifiwa iwe ndefu kidogo. Kuipeleka hadithi moja sehemu mbili kwa pamoja inawezekana pale masharti yanaporuhusu, na ikichukuliwa kwengine waandikie wenzao siku hiyo hiyo uitoe.

Baada ya kutuma hapana la kufanya ila kuandika nyengine. Mimi nina daftari la mistari: jina la hadithi, nilikoipeleka, tarehe, jibu. Kukosa hakuonyeshi kila mara kwamba hadithi ni mbovu. Msimu ule mimi na msomaji mwenzangu tulizozana juu ya hadithi moja siku nne, na mwisho ikaachwa kwa kura ya mtu wa tatu aliyekuwa na haraka.

Ile yangu ya kwanza, yenye jina kila ukurasa, nililifuta jina, nikaikata, nikaipeleka jarida jengine baada ya miaka miwili. Haikupata zawadi, lakini waliichapa. Barua yao ilikuwa na swali moja tu: jina lako tuliandike vipi?