Maswali na Majibu: Kanisa Ndani ya Nyumba

Swali: Kwa nini majumba ya zamani ya makabaila wa Uingereza yana kanisa ndani wakati kanisa la kijiji liko jirani? (Iringa)

Jibu: Jumba kubwa lilikuwa na watu wengi: familia, wapishi, watunza farasi, vijakazi. Wote walisali, na mwenye nyumba aliomba ruhusa ya askofu ili Misa isomwe kwake. Ukifika Cotehele, Cornwall, utakuta kwenye kikanisa saa ya mwishoni mwa karne ya 15, ingali pale pale ilipofungwa. Haina uso wala mishale. Inagonga kengele tu, na waliokuwa nyumbani walijua wakati kwa kusikia.

Swali: Eti mapadre walifichwa ukutani. Ni kweli? (Bukoba)

Jibu: Kweli kabisa. Uingereza ilipokuwa imekwisha kuwa ya Kiprotestanti, sheria ya 1585 ilimhesabu padre Mkatoliki aliyepewa daraja ng'ambo kuwa mhaini kwa kukanyaga tu nchi hiyo, na aliyempa hifadhi angeweza kunyongwa. Oktoba 1591 wapekuzi walifika alfajiri Baddesley Clinton, Warwickshire, Misa ikiwa ndiyo inaanza. Watumishi wakawazuia mlangoni. Huku ndani watu wakavua altare mapambo yake, wakaficha mavazi ya ibada, kisha wakakumbuka vitanda: magodoro yalikuwa bado yana joto la waliolala. Wakayageuza, upande wa baridi ukawa juu, ili mpekuzi akipapasa asihisi kitu. Mapadre wakashuka kwenye mfereji wa zamani wa maji taka chini ya sakafu, wakasimama majini kimya kwa muda wa saa nne. Kila nikifikiria yale magodoro, nahisi hofu ya wale watu kuliko ninaposoma maandishi ya sheria yenyewe.

Swali: Nani alijenga maficho hayo? (Mombasa)

Jibu: Anayejulikana zaidi ni Nicholas Owen, seremala na bruda Mjesuiti, mtu mfupi na kiwete. Mchana alifanya kazi ya kawaida mbele ya watu. Usiku, peke yake, alivunja mawe. Harvington Hall, Worcestershire, kuna mhimili wa mbao ukutani unaozunguka ukisukumwa, na nyuma yake pana nafasi ya mtu. Owen alikamatwa 1606 na kuteswa katika Mnara wa London hadi akafa, asitaje ficho hata moja. Alitangazwa mtakatifu 1970, na kwangu mimi anastahili kukumbukwa na kila seremala.

Swali: Vikanisa hivyo bado vipo? (Nairobi)

Jibu: Vingi vipo. Stonor, karibu na Henley, Misa bado inasomwa. Haddon Hall, Derbyshire, michoro ya ukutani ilipakwa chokaa baada ya mageuzi ya dini, ikafunuliwa tena mwanzoni mwa karne ya 20. Chokaa ile ile iliyokusudiwa kuifuta ndiyo iliyoihifadhi: Mtakatifu Kristofa yupo ukutani hadi leo, amembeba Mtoto Yesu, anavuka mto.